Takwimu Mbili za Mbulu na Hanang: Kwa Nini Uamuzi wa Afya Hautegemei Utafiti Mmoja

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti kuhusu vifo vitokanavyo na uzazi katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa katika Mkoa wa Arusha kabla ya Mkoa wa Manyara kuanzishwa mwaka 2002. Watafiti waliwauliza wananchi kuhusu dada zao waliofikia umri wa kuzaa, na wangapi kati yao walifariki wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au ndani ya wiki 6 baadaye. Mahojiano ya kaya yalitoa makadirio ya vifo 362 kwa kila vizazi hai 100,000. Mahojiano ya kliniki za wajawazito yalitoa vifo 444.

Wilaya ni zilezile na njia ni ileile, lakini takwimu ni mbili. Hakuna iliyo ya uongo. Makadirio ya kaya yaliweza kuwa kati ya 269 na 456, na ya kliniki kati ya 371 na 517, hivyo yanaingiliana. Mpangaji wa bajeti anayechukua moja na kuiacha nyingine anaweza kukosea idadi ya wahudumu, magari ya wagonjwa na damu salama inayohitajika.

Hapo ndipo yanapohitajika mapitio ya kimfumo, yaani kazi ya kukusanya tafiti zote zinazojibu swali moja, kuzipima ubora na kuzijumlisha kwa utaratibu ulio wazi. Kazi hiyo huanza na swali mahususi: wahusika ni akina nani, huduma inayopimwa ni ipi, inalinganishwa na nini, na matokeo yanayotazamwa ni yapi. Kisha huandikwa itifaki inayotaja vigezo vya kupokea au kukataa utafiti. Itifaki husajiliwa kabla ya kazi kuanza, ili vigezo visigeuzwe baada ya matokeo kuonekana. Watu wawili, kila mmoja peke yake, huchuja tafiti, na tofauti zao hutatuliwa kwa majadiliano au kwa mtu wa tatu. Ripoti hueleza idadi ya tafiti zilizopatikana, zilizokataliwa na sababu zake.

Uzito wa utaratibu huu unaonekana katika dawa za steroidi wanazopewa wajawazito walio katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Jaribio la kwanza, lililofanyika New Zealand, lilichapishwa mwaka 1972 likionesha kuwa dawa hizo huokoa watoto. Mapitio yaliyojumlisha majaribio 12 yalichapishwa mwaka 1990. Katika miaka hiyo 18, wajawazito wengi hawakupewa dawa ambayo ushahidi wake ulikuwepo tayari, ila umetawanyika.

Hata hivyo, mapitio yasiyotazama mazingira nayo hupotosha. Mwaka 2015, jaribio katika nchi 6, zikiwemo Kenya na Zambia, lilionesha kuwa kusambaza dawa hizo hadi ngazi za chini za huduma hakukupunguza vifo vya watoto wadogo, na vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka. Mwaka 2020, jaribio la Shirika la Afya Duniani katika nchi 5, ikiwemo Kenya, lilionesha kuwa vifo hupungua pale hospitali inapokuwa na uwezo wa kutosha wa kumhudumia mama na mtoto. Kwa Manyara, maana yake ni kwamba kinachofaa katika Hospitali ya Kilutheri Haydom wilayani Mbulu hakiwezi kupelekwa katika zahanati ya kijiji bila kupimwa upya. Itifaki inapaswa kutenganisha ngazi hizo tangu mwanzo.

Kitaifa, utafiti wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Mafanikio hayo nayo ni makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu, na yanazungumzia nchi nzima, si kila wilaya. Mwananchi anaposikia takwimu ya afya ikitangazwa, anayo haki ya kuuliza imetokana na tafiti ngapi, zilifanyika wapi na lini. Kwa mama wa Mbulu au Hanang anayesubiri kujifungua, majibu hayo ndiyo yanayoamua huduma atakayoikuta.