Mapezi ya Kuuza Sura Yatatuulia Mtu Ziwani

Ile picha najua mmeiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina nabaki nalo, kasimama juu ya jiwe ufukweni upande wa Katonga. Kifua wazi, miwani ya kuzamia kichwani, na miguuni mapezi ya kuogelea meusi, marefu, yanang'aa kama gari jipya. Nyuma yake Tanganyika ya bluu mpaka unatamani kuinywa. Laiki zilishuka kama mvua ya masika. Komenti ndo usiseme, kila mtu "baba lao", "mfalme wa ziwa".

Mimi siku ile nilikuwepo, na nataka niwaambie kilichofuata baada ya picha.

Jamaa aliingia majini kweli. Hakufika mbali. Ghafla tukaona anapiga maji kwa mikono, miguu haifanyi kazi. Vigimbi vyote viwili vimebana. Bahati yake kulikuwa na vijana wawili kwenye mtumbwi wanatoka kuangalia nyavu. Wakapiga kasia mpaka wakamfikia, wakamwambia ashike ubavu wa mtumbwi asipapatike, wakamvuta hadi kwenye mchanga. Mzee mmoja mvuvi akamvua yale mapezi, akajaribu kuyakunja kwa mikono yake iliyozoea kamba. Yakagoma. Akacheka kidogo, akamwambia, "Mwanangu, haya si ya mguu wako." Staa akajibu, "Asante sana mzee wangu." Basi, yakaisha.

Jioni picha ya kwenye jiwe ikapanda Insta. Ya mtumbwi haikupanda.

Sasa kabla hamjaanza "mwandishi una wivu", nisikilizeni. Kubanwa misuli si aibu, inamkuta yeyote. Ninachosema ni kwamba mapezi yanachaguliwa kwa mguu wako na kwa maji unayoingia, sio kwa kamera.

Tuanze na urefu. Mapezi marefu ya aina ile yametengenezwa kwa watu wanaovuta pumzi moja na kwenda chini kabisa. Kila teke linakupeleka mbali, ni kweli, lakini linataka miguu iliyofanya mazoezi, teke la polepole linaloanzia kwenye nyonga, na maji yenye kina. Wewe unayeelea juu na mrija wa kupumulia mdomoni, yatakusumbua tu. Yanagonga mawe, na ukitaka kugeuka ni kama kugeuza lori kwenye uchochoro wa Ujiji.

Halafu jiulize, umekuja kuona nini? Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani sehemu nyingine yoyote duniani. Wengi wao wanaishi kwenye mawe karibu na ufukwe, mita chache tu chini ya pua yako. Hupigi mbizi ya kutisha kuwaona. Mapezi mafupi yanatosha na yanabaki.

Pili, ugumu. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Pezi gumu ni kama springi: mguu wenye nguvu ukilisukuma, linarudi na kukurusha mbele. Mguu usiozoea ukilisukuma, pezi ndo linashinda. Unaanza kupiga kwa goti, kigimbi kinafanya kazi ya paja, dakika chache tu kinabana. Laini kupita kiasi nalo tatizo, linapinda kama kandambili iliyokufa, unapiga teke hadi unachoka na bado uko palepale.

Kulipima ni rahisi. Shika pezi sehemu ya kiatu, ncha iweke chini, sukuma taratibu. Likipinda vizuri na kurudi lenyewe, hilo linakufaa. Kama ni mpaka ujikaze meno yaonekane, liache hapohapo hata kama linang'aa. Mtu mwepesi au anayeanza achukue laini kidogo. Mwenye mwili mkubwa na miguu ya mazoezi aende gumu la wastani. Kiatu chake kisibane vidole na kisigino kisichezecheze, maana vinginevyo utarudi na malengelenge. Na usitembee nayo nchi kavu ukienda mbele, utajikwaa uanguke. Vaa ukiwa tayari majini, au ingia kinyumenyume.

Wenzetu wa theluji hili wanalijua kitambo. Kuna staa mwingine tulimwona kwenye ile theluji ya ndani ya maduka Dubai, kashika mbao za kuteleza. Kwenye kukodi mbao zile, kwa kawaida unaulizwa kwanza urefu wako, uzito wako, na kama umewahi kuteleza. Anayeanza anapewa fupi na laini, ndefu na ngumu zinasubiri mwenye uzito na uzoefu. Sio ngeni hata kwetu, mvuvi wa Kibirizi hachukui kasia la mtu mrefu kuliko yeye siku nzima, mabega yatamshitaki usiku. Ila ukinunua mapezi mtandaoni, swali ni moja tu: "Saizi ya kiatu ngapi, boss?"

Na ziwa letu halina utani. Haya ni maji baridi, hayana chumvi ya kukunyanyua kama bahari ya Zanzibar, kwa hiyo aliyejifunza kuelea kule, hapa atajiona mzito. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingine ukitoka tu kwenye mawe chini panakatika. Kiangazi upepo wa kusi ukiamka, mawimbi yanabadilika ghafla. Vaa jaketi okozi, usiingie peke yako, na waulize wenyeji kwanza habari za mamba na kichocho. Huo sio ushamba.

Mtasema, "Sasa picha si kazi yake? Muacheni ale." Ale tu! Juu ya jiwe vaa hata mapezi ya mita mbili. Ila ukishatoka kwenye mtumbwi wa watu unatetemeka, andika pia hilo. Mistari miwili tu inatosha.

Kwa nini nakomaa? Wiki moja baadaye nilipita ufukwe mmoja, nikakuta madogo wamekata dumu la mafuta, wametengeneza mapezi, wameyafunga kwenye kandambili kwa mpira wa baiskeli. Ubunifu wa hali ya juu, niliwapongeza. Lakini waliyakata marefu makusudi, "kama ya staa". Mmoja, hazidi miaka 12, akanipa simu nimrekodi akielekea kwenye maji marefu.

Nikamwambia, mdogo wangu, kata nusu, na usivuke maji ya kiunoni. Akanitazama akaniuliza, "Mbona yeye aliweza, kaka?"

Nilikosa la kumwambia. Staa, jibu unalo wewe, na huyo dogo amekufolo.

Wadau, mnaonaje? Anaidai mashabiki maelezo au nimezidisha? Dondosha komenti hapo chini, bila matusi.