Nani Hutunza Kicheko cha Taifa?

Hapa Rusimbi, enzi za umeme wa majenereta ya dizeli, kukosa kipindi cha Ze Comedy kulikuwa msiba mdogo. Sebule yenye televisheni iligeuka ukumbi wa mtaa. Waliochelewa walichungulia dirishani. Joti, Masanja, Mpoki, Vengu na wenzao waliwaiga wakubwa, nasi tukagundua kwamba mkubwa naye huchekeka.

Hivi karibuni niliwauliza wanafunzi wangu kuhusu vipindi vile. Joti wanamjua, ila kwa matangazo ya biashara. Nilipotaka kuwaonyesha, niliambulia vipande vifupi vilivyofifia mtandaoni.

Wapo watakaosema vichekesho havistahili kabati la nyaraka. Sikubaliani nao. Kundi lile lilipohama EATV kwenda TBC1, liliacha jina nyuma, likajiita Orijino Komedi. Tukajifunza kwamba msanii aweza kubaki na sura yake bila jina lake. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Mzee alifariki Agosti mwaka huohuo. Ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu 1999.

Nyaraka na mikataba ni jambo moja. Kipindi kisichohifadhiwa hakirudiwi. Kisichorudiwa hakimlipi aliyekicheza. Na asiye na nakala hana ushahidi wa kazi yake. Wala si sisi peke yetu. BBC ilifuta kanda nyingi za Peter Cook na Dudley Moore za miaka ya 1960 ili izitumie upya, kisha miaka mingi baadaye ikawaomba watazamaji wenye nakala za vipindi vilivyopotea wazirudishe.

Mchapishaji wa kitabu hutakiwa kupeleka nakala Bodi ya Huduma za Maktaba. Napendekeza kila kituo kinachotumia masafa ya umma nacho kipeleke nakala za vipindi vyake Nyaraka za Taifa, pamoja na orodha ya walioshiriki. Watumishi wa umma mnaonisoma, hili halihitaji tume. Linahitaji kanuni, chumba chenye ubaridi na mtu wa kuandika majina. Siku mchekeshaji atakapougua, orodha hiyo itamfaa kuliko rambirambi zetu.