Mnyororo wa Wanafunzi 288
Watafiti wa Marekani walioanza uchunguzi uitwao Add Health mwaka 1994 walifanya jambo ambalo sisi wazazi tunalikwepa: waliwauliza vijana, kisha wakanyamaza wakawasikiliza. Wanafunzi zaidi ya 20,000 walihojiwa majumbani mwao. Maswali ya aibu waliyasikia kwa hedifoni na kuyajibu wenyewe kwenye kompyuta, ili mama aliye sebuleni asiambulie kitu. Walitaja marafiki, na wapenzi pia. Hapo ndipo penye utamu. Katika shule moja, iliyositiriwa kwa jina la bandia la Jefferson, wanasosholojia Bearman, Moody na Stovel walichora nani alikuwa na nani katika muda wa miezi 18, wakakuta wanafunzi 288 wameunganika katika mnyororo mmoja mrefu. Hapakuwa na kikundi cha "watoto walioharibika" pale katikati. Wengi walikuwa na mpenzi mmoja au wawili tu. Basi ile tabia yetu ya kuwaandama wachache kwa mahubiri haifiki mbali, kwani mnyororo mwembamba namna hiyo huweza kukatwa na kijana yeyote wa kawaida akibadili mwenendo. Vijana hao wa Add Health wamefuatiliwa hadi utu uzima na Chuo Kikuu cha North Carolina, wakipimwa hata shinikizo la damu. Na nusura tusijue lolote: utafiti uliopangwa kabla ya huu ulifutwa na serikali mwaka 1991 kwa sababu ya maswali ya ngono, hadi Bunge lilipoagiza mwingine.