Besi, Acheni Kulazimisha Noti za Chini

Ndugu waimbaji wa besi, mtindo wa kubana kidevu kifuani, kurudisha ulimi nyuma na kukoroma kwa nguvu ili noti zishuke unaharibu koo. Uacheni kabla vijana wanaoingia kwaya hawajauiga.

Kina cha sauti hutokana na urefu na unene wa nyuzi za sauti. Za mwanamume mzima huwa na milimita 17 hadi 25 hivi, na hakuna zoezi litakalozirefusha. Noti ya E ya chini, ambayo kwa besi wengi ndiyo sakafu, huzitaka zitetemeke kama mara 82 kwa sekunde, nazo zikiwa zimelegea. Anayesukuma hewa kwa nguvu huzigonganisha badala ya kuzilegeza. Mgongano huo ukirudiwa kila mazoezi huleta uvimbe, kisha vinundu. Siku mbaya, mshipa mdogo hupasuka na sauti hukatika katikati ya wimbo.

Tatizo ni kwamba njia hii mbaya huonekana kufanya kazi. Sauti ya asubuhi huwa nzito, ya mwenye mafua nzito zaidi, na mvutaji sigara wa miaka mingi hunguruma. Chanzo ni kilekile: nyuzi zilizovimba huwa nzito, hivyo hutetemeka polepole. Mwimbaji hudhani amepata noti mpya, kumbe amepata ugonjwa. Dalili ataiona juu, si chini: noti za juu alizokuwa akiziimba taratibu zitaanza kukatika au kutoka pumzi tupu. Ukifika hapo, pumzika.

Wala rekodi zisiwatie wazimu. Mwaka 2012 Tim Storms wa Marekani aliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa noti ya mtetemo 0.189 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye 20 hivi, kwa hiyo noti ile ni ya mashine kupima. Waumini hawataisikia.

Anayetaka kupanua sauti aanzie juu, maana huko ndiko misuli hufundishika zaidi. Tetemesha midomo kwa pumzi ukipanda kutoka katikati na kurudi, polepole, bila kupaza. Chini shuka kwa nguvu ya mazungumzo tu. Noti ikigeuka mkwaruzo, rudi juu.

Walimu wa kwaya nanyi mna lenu. Besi wakishindwa kufika, pandisheni ufunguo nusu toni. Msimwagize kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza imevunjika akoromee noti ya mtu wa miaka arobaini, wala msimsimamishe mstarini aliyekauka sauti.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ikikatika ghafla ukiimba, nyamaza papo hapo, hata kunong'ona usinong'one, na uende hospitali siku hiyohiyo.