Tope Nalo Hulipiwa Ushuru

Kila masika yanapoingia Bukoba na Muleba, na njia za udongo za Ijuganyondo zikaanza kuteleza, huzuka tena ile tuhuma ya kale miongoni mwa wenye pikapu za kubeba ndizi: kwamba gari lililotosheka na lita sita mwezi wa Julai sasa linabugia kumi kwa safari ile ile, na kwamba hapana sababu ya jambo hilo ila mwenye sheli amechakachua mafuta. Tuhuma hii ina asili yake, wala haifai kuchekwa. Zilikuwako zama ambapo mafuta ya taa, yaliyokuwa yakitozwa kodi ndogo, yalichanganywa na dizeli, hata Serikali ikalazimika kutia vinasaba, yaani kemikali ya utambuzi, katika mafuta kuanzia mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya hila hiyo ikome. Walakini dhana iliyokuwa na haki jana si lazima iwe na haki leo, na mwenye insafu hupima kabla ya kuhukumu.

Ndugu zetu waliohamia Minnesota na Kanada wanayo malalamiko kama haya, ila wao huyaelekeza kwa baridi, tena kwa hoja. Wamarekani wamepima wakaona kwamba joto likishuka kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la petroli lizungukalo mjini hupoteza takriban asilimia 15 ya umbali liliokuwa likienda kwa mafuta yale yale, kwa kuwa oili huwa nzito kama uji uliopoa, injini huchelewa kupata moto wake, upepo wa matairi hupungua, na hewa yenyewe huwa nzito kupasuliwa. Bukoba haina udhuru huo. Mchana joto letu hukaribia nyuzi 26 na usiku hushuka hadi 16 au 17, na Januari haitofautiani sana na Julai. Tulicho nacho sisi ni mvua: zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata kama 600 tu, na Aprili ndio mwezi uipokeao kwa wingi kupita yote.

Tope hula nguvu kwa njia ambayo dereva haioni. Juu ya lami gurudumu hubingirika likidai nguvu kidogo mno, lakini juu ya udongo uliolowana hulazimika kwanza kuuzamia, kisha kuusukuma mbele yake, kisha kupanda litoke katika shimo lililolichimba lenyewe, na kazi hiyo hujirudia katika kila hatua ya njia. Ndiyo maana injini hubaki katika gia ya kwanza au ya pili, ikiunguruma kwa nguvu zote, ilhali mwendo ni wa mtu aendaye kwa miguu. Tazama pikapu iliyojazwa mikungu inapojaribu kupanda kilima baada ya mvua ya alasiri: utingo ameshuka, anatia matawi chini ya tairi, gurudumu la nyuma linarusha matope hadi juu ya ndizi, na gari halisogei hata shibiri, lakini ukichungulia dashibodi utauona mshale wa mwendo umesimama kwenye 30 na hesabu ya kilomita ikizidi kupanda, kwa kuwa chombo hicho huhesabu mizunguko ya mtambo, wala hakijui kama ardhi imepita chini yake. Hivyo hata yule agawaye kilomita zake kwa lita hujifariji bure, maana ulaji wenyewe ni mbaya kuliko hesabu yake.

Madereva nao wana ujanja wao, na mmoja huwagharimu. Ili tairi lishike tope, hulipunguza upepo, na katika hilo hawana kosa. Taksiri huja baadaye, gari likiisha kufika lami ya kwenda Kemondo, maana aghalabu hakuna akumbukaye kuurudisha upepo huo, na tairi lililolegea hukokotwa siku nzima likidai mafuta ambayo barabara haikuyadai. Fauka ya hayo, iko gia ya magurudumu manne iliyosahauliwa ndani, na iko injini iachwayo ikiunguruma wakati wa kungoja lori lililokwama mbele liondolewe.

Mwenye kumtuhumu mwenye sheli anayo njia nyepesi ya kupata ushahidi. Ajaze tangi kwenye pampu moja hadi bomba lijikate lenyewe, aende Muleba kwa lami na kurudi na mzigo wake wa kawaida, ajaze tena pampu ile ile na kuandika. Kisha afanye vivyo hivyo kwa njia ya tope. Ikiwa lami yampa kilomita zile zile za kiangazi, mafuta hayana kosa. Maji yakiingia tangini, jambo ambalo katika mvua huwezekana, dalili zake ni nyingine: gari hukohoa, hukosa nguvu, na yamkini huzima kabisa.

Lalamiko la kweli liko penginepo, nami nastaajabu kwamba halisemwi. Ushuru wa barabara hutozwa kwa lita. Na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambazo nyingi ni hizi za udongo. Nia ilikuwa njema. Lakini ile pikapu ya lita sita wakati wa kiangazi na kumi wakati wa masika, katika nyongeza hiyo peke yake hulipa shilingi 600 njia ikiwa kavu na shilingi 1,000 njia ikiwa tope, kwa umbali ule ule. Maana yake, kadiri njia inavyozidi kuharibika ndivyo aipitaye anavyozidi kuichangia, ilhali mwenye gari dogo asiyeiacha lami hulipa kidogo kwa kila kilomita ya barabara njema. Na haya ni juu ya bei ambayo, kwa umbali wa mkoa wetu wa Kagera kutoka bandari ya Dar es Salaam, huwa miongoni mwa zilizo juu nchini katika orodha za kila mwezi za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye pikapu hakai na hasara hiyo. Humrudishia mkulima, ambaye bei ya mkungu wake hupunguzwa pale pale shambani.

Sisemi ushuru ufutwe, kwani bila huo hata greda la kutengeneza njia hizi lisingeonekana. Ninalodai ni wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mvua kwetu huanza kurejea Septemba, basi miezi mikavu ya kazi ni miwili. Na mkandarasi atiaye saini Oktoba atalipeleka greda topeni, na kifusi chake kitachukuliwa na maji kabla ya Krismasi. Mifereji na makalavati yatangulie kuliko kulainisha uso wa njia, maana njia ya udongo huuawa na maji yaliyotuama kuliko magari yapitayo, na zabuni za kazi hiyo ziwe tayari kabla ya Julai. Mwenye pikapu aliyeandika lita na kilomita zake kwa misimu miwili anayo hoja ambayo diwani hawezi kuipuuza kwa urahisi. Naye aipeleke mapema, makadirio ya halmashauri yakiwa bado yanaandaliwa, asingoje Juni bajeti ikisomwa bungeni.