Breki ya Nyuma Inapolia au Kushika

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunawausia wenye magari ya familia, hasa wakazi wa Karatu na wale wanaopanda Ngorongoro, juu ya sauti ambayo wengi huizoea upesi mno: mlio wa breki za nyuma.

Si kila mlio ni ubovu. Gari lililolala kwenye ukungu wa ukingo wa kreta huota kutu nyepesi ndani ya dramu. Ukikanyaga breki mara chache, mlio hukatika. Vumbi la barabara ya changarawe nalo huweza kuleta kelele. Lakini ukisikia chuma kikisaga chuma, shuu zimekwisha, na gari lisiendelee na safari.

Breki inayoshika haina sauti kubwa. Gari huwa zito, mafuta hunyweka, na harufu ya kuungua hutoka gurudumu moja. Pitisha kiganja karibu na ringi za nyuma bila kuzigusa, ulinganishe joto la upande huu na ule.

Ili kuujua ugonjwa, liweke gari mahali tambarare, gari likiwa limepoa. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, legeza hendibreki, weka gia huru, kisha inua nyuma kwa jeki na kuegemeza gari juu ya stendi imara. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, fundi aulegeze waya wa hendibreki: gurudumu likiachia, waya umekwama. Lisipoachia, afungue kidogo nati ya kutolea upepo. Likiachia hapo, mafuta yamezuiliwa njiani, na mpira wa breki ndio wa kukaguliwa kwanza. Likibaki zito, dramu ifunguliwe, zitazamwe springi, silinda ndogo na kirekebisho cha shuu. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo, kwani hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Tunatahadharisha juu ya fundi anayelegeza shuu tu ili kelele iishe. Huko ni kunyamazisha, si kutibu. Na shuu zikibadilishwa, zibadilishwe pande zote mbili.

Kwa nini tunasisitiza? Kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, barabara inateremka ukuta wa Bonde la Ufa. Dramu iliyokwisha kushika moto hupoteza nguvu, na mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo huwa yamefyonza maji, huweza kuchemka. Pedali ikazama pasipo kusimamisha kitu. Mteremko huo ushukwe kwa gia ndogo, na kwa gari lililokwisha kukaguliwa.

Watoto wanaoketi kiti cha nyuma ni amana. Hawajui maana ya harufu ile. Mzazi aliyeshika usukani ndiye anayepaswa kuijua.

Wabillahi tawfiq.