Tuifuate Asilimia Moja Yetu

Ndugu zangu wa Manyovu, Munanila, Muyama, na ninyi wa Kasulu mpaka Kibondo, ipo fedha inayotengwa kila mwaka kwa ajili ya shule na zahanati kama zetu, na wengi wetu huisikia redioni ikiwa imekwisha kupewa wengine. Benki ya NMB imejiwekea utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya faida yake, baada ya kulipa kodi, kwa ajili ya kusaidia jamii. CRDB nayo ina sera ya namna hiyo. Humo ndimo yanamotoka madawati, mabati, vitanda vya wodi ya wazazi, magodoro na mashuka tunayoyaona yakikabidhiwa huku na huku nchini. Benki hizi mbili zina matawi Kasulu na Kibondo, na mawakala wao wameshafika kwenye maduka ya vijijini. Basi jambo hili haliko mbali nasi.

Ombi langu ni moja. Tuifuate fedha hiyo, na tuifuate kama mtu anayefuata kilicho chake, kazi yetu ikiwa imekwisha kuanza.

Nasema chetu, na sisemi kwa kujipendekeza. Enzi ya mkoloni nchi hii ya Buha ilihesabiwa kuwa ghala la manamba. Babu zetu walisajiliwa, wakapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakakaa huko miaka. Aliyebahatika alirudi na blanketi, baiskeli na shilingi chache za kulipia kodi ya kichwa. Nguvu zake zilibaki kule, kwenye reli na mashamba na majumba ya watu wengine. Ndivyo milima yetu ilivyochelewa kupata vitu ambavyo wengine walivipata mapema, na haukuwa uvivu wa mtu yeyote.

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na NMB ikazaliwa humo ikiwa na mtandao mkubwa wa matawi ya wilayani, yale yaliyozoea foleni ya walimu siku ya mshahara. Mpaka leo serikali inamiliki karibu asilimia 32 ya hisa za NMB, na kutokana na faida ya mwaka 2022 ilipokea gawio la zaidi ya shilingi bilioni 45. CRDB nayo mzizi wake uko kijijini: ilianza mwaka 1971 kama benki ya maendeleo ya vijijini, na ilipofika 1996 ndipo ikaingia mikononi mwa wanahisa binafsi. Kwa hiyo tunapozungumza na benki hizi tunazungumza na watu tunaojuana nao tangu zamani.

Na faida yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwenye mkopo wa mwalimu wa Janda anayekatwa kila mwezi mpaka anamaliza nyumba yake. Inatoka kwa mkulima wa kahawa ambaye malipo yake ya AMCOS, chama chake cha ushirika, yanapitia kwenye akaunti, kwa kijana anayeweka fedha ya bodaboda kwa wakala jioni, na kwa mama anayeuza maharage na tangawizi kwa wafanyabiashara wa mpakani. Kila makato yanayosomeka kwenye simu yako yana sehemu yake katika hesabu ya mwisho wa mwaka. CRDB hata imevuka mpaka: tangu 2012 inafanya kazi Burundi, na biashara inayopita kati ya Manyovu na Mugina ni sehemu ya maisha ya ukanda inaouhudumia. Sisi ni wateja. Mteja akiuliza juu ya asilimia moja, hajavuka adabu.

Nalikazia hili kwa sababu tumezoea aina nyingine ya msaada. Tangu miaka ya 1990 wilaya zetu zimepokea wakimbizi kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 na imedumu miaka mingi. Mashirika yamekuja, yamechimba visima, yamejenga madarasa hata kwenye vijiji vinavyozunguka kambi, na tunawashukuru. Lakini msaada ule unakuja na unaondoka kwa maamuzi ya miji ambayo hatutaiona, na umetufundisha kusubiri gari lifike. Fedha ya benki haifuati njia hiyo. Inatoka kwenye biashara inayofanyika hapa hapa, na meneja wa tawi unaweza kumwendea kwa miguu yako na kuzungumza naye.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha wito wangu. Faida ya NMB kwa mwaka 2022, baada ya kodi, ilikuwa takriban shilingi bilioni 429. Asilimia 1 yake ni bilioni 4 na milioni 290. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Fedha hiyo ingegawanywa sawa kwa sawa, kila halmashauri ingepata kama milioni 23. Serikali inapopeleka fedha kukamilisha boma moja la darasa lililojengwa na wananchi, kiwango kilichozoeleka kimekuwa milioni 12.5, yaani kupaua, kuezeka, plasta, sakafu, milango na madirisha. Kwa hiyo fungu la halmashauri yetu nzima ya Buhigwe, lau lingekuja lote, lisingetosha kumaliza hata maboma mawili.

Sikusudii kuwakatisha tamaa. Nataka tuone kwamba fedha hii ni ndogo kuliko haja ya nchi, na kwamba haigawanywi sawa kwa sawa. Huenda kwa aliyeomba, na kati ya walioomba huenda kwa yule ambaye kazi yake inaonekana kwa macho. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu mpaka Manyovu, kilometa zaidi ya 260, imekuja kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na hakuna tawi la benki la wilaya linaloweza kufanya kitu cha ukubwa huo. Kinachowezekana kwa asilimia moja ni kuziba pengo la mwisho: bati ambazo kijiji kimeshindwa, madawati hamsini, vitanda sita vya kujifungulia. Pengo la mwisho halionekani mpaka kuta ziwe zimesimama.

Nani asiyeyajua maboma yetu? Tangu elimu msingi iwe bila ada mwaka 2016, watoto wamejaa madarasani, na vijiji vimeitikia kwa kufyatua matofali. Kiangazi tunachoma tanuri, akina mama wanabeba maji, fundi anapandisha kuta mpaka usawa wa lenta. Halafu michango inakwisha. Oktoba mvua inaingia, na mvua ya milima hii inavyopiga tunaijua. Ukuta usio na paa unalowa, udongo uliotumika kujengea unatoka, nyufa zinatokea pembeni mwa dirisha. Misimu miwili mitatu ikipita, boma lile halikamilishwi tena, linabomolewa. Hapo jasho la kijiji kizima limepotea, na mwaka unaofuata mtendaji akipita kuomba mchango, watu wanamwangalia tu. Kwangu mimi hasara hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu matofali hufyatuliwa upya, lakini moyo wa kuchangia ukishavunjika huchukua miaka kuurudisha.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vijiji na kamati za shule: katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, ule ambao sheria inataka ufanyike kila miezi mitatu, liwekeni jambo hili kwenye ajenda. Msilete orodha ya shida kumi na mbili. Mkutano uchague kitu kimoja, boma moja au wodi moja, kile kilichofika mbali zaidi na ambacho kikimalizwa watoto au wagonjwa watahamia mwezi huo huo. Muhtasari uandikwe vizuri na mahudhurio yaambatanishwe. Mwombeni mhandisi wa halmashauri awape makadirio, bati ngapi, za geji gani, mbao ngapi. Pigeni picha za kuta zilivyo leo. Andikeni thamani ya nguvu zenu: matofali mangapi, siku ngapi za kazi, michango kiasi gani. Mwenye benki akisoma kwamba kijiji kimekwisha kuweka milioni nane za jasho na kinakosa nne tu, anajua kwamba bati zake hazitalala stoo.

Barua ipite kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mkurugenzi, ili halmashauri ijue na isiandike kitu hicho hicho mahali pengine. Lakini msiishie hapo. Chagueni watu watatu, mmoja wao awe mama na mmoja awe mwalimu, waende tawini Kasulu au Kibondo wakamwone meneja ana kwa ana. Watumishi wa benki nao ni watu. Wengi wamehamishiwa huku kutoka Dar es Salaam au Mwanza na hawajui Kajana iko upande gani. Mwalikeni aje aone.

Ninyi mama zangu wa vikoba, wito huu ni wenu pia, pengine kuliko wa mtu mwingine yeyote. Njia hii ya kuweka na kukopa kwa vikundi ilianza na wanawake wa Niger mwaka 1991, ikaenea Afrika nzima, na huku kwetu imeshika kwa sababu inafanana na tulivyozoea kusaidiana. Kila wiki pamoja na hisa mnatoa shilingi mia tano au elfu moja kwa ajili ya mfuko wa jamii: aliyefiwa, aliyelazwa, aliyeunguliwa na nyumba. Ninyi mmekuwa mkitoa asilimia yenu kabla benki haijatangaza yake. Nawaomba mkae kikundi kwa kikundi na kuona kama sehemu ndogo ya mfuko huo, mnapovunja mzunguko, inaweza kuingia kwenye kile kitu kimoja ambacho kijiji kimechagua. Kiasi si hoja. Ikiandikwa kwenye barua kwamba vikundi saba vya wanawake wa kijiji vimechangia misumari na saruji, hakuna meneja atakayeiweka barua hiyo chini ya nyingine. Na ambao hamjasajili vikundi vyenu halmashauri, kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, sajilini. Kikundi chenye cheti kinaweza kufungua akaunti, kinaweza kuomba mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kinaweza kugonga mlango wa programu kama Imbeju ya CRDB inayotoa mtaji wezeshi kwa vijana na wanawake.

Kwenu mameneja na maofisa wa benki nasema kwa heshima. Tunawashukuru kwa mnayoyafanya. Tumesikia jinsi mbio za CRDB zinazofanyika kila mwaka tangu 2020 zilivyosaidia watoto wenye maradhi ya moyo kutibiwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mtoto wa Kibondo anaweza kuwa mmoja wao. Tunawaomba mambo mawili. Njooni huku juu, msiishie mjini. Shule iliyo kando ya lami huonwa na kila mgeni. Ya Kilelema hupitwa. Na mkishakabidhi, rudini baada ya mwaka. Siku ya makabidhiano kuna ngoma, kuna mgeni rasmi, kuna picha. Mwaka mmoja baadaye ndipo mtajua kama madawati yangali na miguu yote na kama bati zile zilifika kwenye paa. Kurudi kwenu kutatufanya nasi tuwe waangalifu zaidi.

Na uangalifu ni wa kwetu kwanza. Kila kinachopokelewa kiandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, idadi na tarehe, mtu yeyote asome. Dawati likivunjika lipelekwe kwa seremala wiki hiyo hiyo. Msilitupe nyuma ya darasa. Kijiji kinachotunza cha kwanza hupewa cha pili bila maneno mengi.

Mwaka wa hesabu wa benki unakwisha Desemba, na bajeti mpya huanza Januari. Mvua inaanza Oktoba. Kwa hiyo mkutano wa kijiji wa kuchagua ufanyike kabla kiangazi hakijaisha, wakati kuta bado zinaweza kufunikwa juu kwa nyasi au turubai ili zisiloe. Makadirio ya mhandisi yapatikane Novemba. Barua iwe mezani kwa meneja wa tawi wiki ya kwanza ya Januari, na wajumbe watatu wawe wameshika nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwalimu unayesoma haya, msomee mwenyekiti wako leo jioni, kisha mpange naye tarehe.